Mama Danke na miguu inayobaki mlangoni

Saa moja na robo asubuhi. Mama Danke ameshafungua kufuli, ameshafagia kizingiti, ameshawasha mashine ya fotokopi, na ameshachana karatasi ya nne. Wateja hawajaanza kuja. Hata mlinzi wa geti la hospitali, ambaye kila siku huvuka barabara kuja kuazima kiti, bado hajatokea.

"Mama, kaa chini," anasema binti yake kutoka kwenye mashine, bila kuinua macho. "Unanizungusha kichwa."

"Nikae wapi? Kiti chenyewe leo kina miiba."

Anakaa hata hivyo. Anachukua karatasi ya tano, anaandika tarehe juu kulia kwa mwandiko wa kulala, anaandika maneno mawili ya Kijerumani, anasita. Anainuka kwenda kunyoosha pazia ambalo halijapinda popote. Anarudi. Leo ni Jumatano, na daktari mgeni atakayebeba barua hii anasafiri Ijumaa saa nne asubuhi. Kuna siku mbili tu, na mwanamke huyu aliyekwisha kuandika barua mia mbili na kumi na mbili za shukrani hajui aanzie wapi ya mia mbili na kumi na tatu.

Ana miaka hamsini na minne. Jina lake la nyumbani wanalijua wachache. Kwa wengine wote, kuanzia wauguzi hadi wauza matunda, yeye ni Mama Danke, kwa sababu kazi yake ni kuwaandikia watu asante kwa Kijerumani.

Kazi yenyewe ukiisikia unaweza kucheka, lakini ipo na ina watu wake. Nyuma ya hospitali hiyo kuna karakana ya miguu ya bandia. Sehemu ya juu, ile inayoshika kigutu, hutengenezwa hapohapo na fundi. Unyayo, ile sehemu ya chini inayoingia kwenye kiatu, hutoka mbali. Hununuliwa na kikundi cha mabibi sita wastaafu katika mji mmoja mdogo huko Ujerumani, ambao huoka keki, huziuza kila mwezi, na kwa mapato hayo hutuma sanduku la nyayo. Kila anayepata mguu hutakiwa kuandika barua ya shukrani, na asiyejua Kijerumani huvuka barabara kwenda kwa Mama Danke.

Barua moja ni bei ya mikate miwili. Mwezi ukiwa mzuri, barua hulipa nusu ya kodi ya chumba. Nusu nyingine hutoka kwenye fotokopi na kufunika vyeti vya watu kwa plastiki, kazi ambayo binti yake huiita "kazi ya kweli" akitaka kumchokoza.

"Ya kweli kwako," hujibu mama mtu. "Hicho cheti utakifunika plastiki, lakini asante utaifunika na nini?"

Kijerumani hakukisomea darasani. Kwa miaka tisa alikuwa mfagiaji wa karakana hiyohiyo, enzi ambazo msimamizi wake alikuwa Mjerumani mmoja mzee, mrefu, mwenye mifuko iliyojaa vyuma, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Mzee Skrubu. Kila saa kumi jioni Mzee Skrubu alikunywa chai, na kila saa kumi jioni mfagiaji alimpelekea birika. Siku ya kwanza alipomwekea kikombe, mzee akasema neno. Mfagiaji akauliza maana yake. Basi, shule ikaanza hapo.

"Alinifundisha asante kabla ya kunifundisha maji," anakumbuka Mama Danke. "Akasema *danke* peke yake ni ya dukani, unarudishiwa chenji unasema, unaondoka. *Vielen Dank* ni ya jirani aliyekubebea mzigo. *Herzlichen Dank* hiyo imeshafika kifuani. Halafu kuna ile kubwa, *ich danke Ihnen von Herzen*, nakushukuru kwa moyo wote. Hiyo akaniambia, usiitoe ovyo. Mjerumani ukimpa hiyo kila siku atadhani unamdanganya."

Akamfundisha pia kwamba asante ya kwao haiendi hivihivi tu, lazima useme ni ya nini. Huwezi kusema nashukuru kwa yote. Yote yapi? Sema nashukuru kwa unyayo wa kushoto uliofika tarehe fulani. Na ukimwandikia mtu mzima usiyemzoea, lile neno la "wewe" linaanza kwa herufi kubwa, kama vile unavua kofia katikati ya sentensi.

Lakini somo lililomkaa zaidi lilikuwa jingine. Barua zake za mwanzo aliziandika kama wateja walivyomtamkia, na wateja walitamka kama watu wote wanavyoandika barua: natumaini hamjambo, sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yetu, Mungu awazidishie, na mwisho kabisa, msituchoke. Mzee Skrubu alisoma moja, akavua miwani.

"Akaniuliza, huyu anashukuru au anaomba mguu wa pili? Nikamwambia anashukuru, mzee. Akasema, basi mbona asante yake ina mkia? Kata mkia. Hapo 'msituchoke' kule kwetu wanasoma kama unawadai. Asante ikishasemwa, weka nukta."

Mama Danke akakata mikia yote. Mzee Skrubu alipostaafu na kurudi kwao, ambako alifariki miaka michache baadaye, mfagiaji wake akapanga chumba ng'ambo ya barabara na kubaki na kazi ya kalamu. Kwa miaka kumi na mmoja akaandika barua fupi, safi, zenye tarehe, zenye heshima, zisizo na mkia hata mmoja. Aliyaandika majina ya wateja chini na lake hakuliweka popote. Katikati ya kila barua kulikuwa na sentensi aliyoipenda kwa jinsi ilivyokaa: *Der Fuß passt sehr gut*. Unyayo umenikaa vizuri sana.

Jumatatu wiki hii, daktari mgeni akaja na bahasha iliyoandikwa kwa wino wa buluu. Ilitoka kwa mkubwa wa wale mabibi, ambaye Mama Danke na binti yake, wakiwa wawili, humwita Bibi Keki. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Mama Danke aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, kisha akaitafsiri kwa sauti huku masikio yakimwaka.

"Barua zenu ni za heshima sana," aliandika Bibi Keki. "Ninazo zote kwenye kopo la biskuti. Juzi nilizipanga mezani, nikaona kinachobadilika ni jina, na mguu: kushoto, kulia, kulia, kushoto. Tunazisoma kwa sauti kwenye mikutano yetu, na mwenzetu mmoja husinzia. Sisi ni wazee. Mikono inauma kukanda unga. Daktari akisharudi tutakutana kuamua kama tuendelee au tupumzike. Kabla ya hapo ningependa kujua kitu kimoja tu. Watu hawa wanakwenda wapi na hiyo miguu?"

Binti akaiacha mashine iendelee kutema karatasi. "Yaani wanafunga?"

"Wanauliza."

"Mama, mtu akianza kukuuliza hivyo, ameshavaa koti anaondoka."

Tangu hapo Mama Danke hajakaa mahali pamoja dakika tano. Kwenye karakana kuna watu kumi na wanne wanaosubiri. Kuna mwalimu ambaye ameshapimwa mara mbili, kuna fundi bomba, kuna binti wa darasa la tano ambaye kila mwaka mguu unakuwa mfupi kwake kwa sababu yeye anakua na wenyewe haukui. Wote hao wanamsubiri yeye ajibu swali ambalo, akilitazama vizuri, hajawahi kumuuliza mtu yeyote.

"Hebu fikiria," anasema, akijipiga paji la uso. "Miaka kumi na mmoja. Watu wanakaa kwenye kiti hicho, nawauliza jina, nawauliza kushoto au kulia, nawauliza tarehe. Sijawahi kumuuliza mtu, ndugu yangu, unakwenda wapi?"

Saa tatu asubuhi, karatasi ya sita ikiwa nayo imeshachanika, anachukua mkoba. Ameamua kumuuliza wa mwisho kupata mguu, kinyozi mmoja kijana anayekaa mitaa mitatu kutoka hapo. Barua yake ndiyo inayotakiwa kwenda Ijumaa.

Kinyozi anaishi na mke, mama na mtoto wa miezi minane katika vyumba viwili vinavyotazama ua wenye kamba za nguo. Miaka mitatu iliyopita msumari ulimchoma mguu wa kushoto, akaupuuza, na kidonda kikapanda mpaka daktari akakata chini ya goti. Jumatano yeye hufungua kibanda chake cha kunyolea mchana, kwa hiyo asubuhi yuko nyumbani.

"Hodi hapa!"

"Karibu! Karibu, Mama Danke, vua viatu upite."

Mama Danke anainama kuvua. Mlangoni viatu vimepangwa kwa mstari, kama kwenye nyumba yoyote: ndala za mama, viatu vya wazi vya mke aliyekwenda sokoni, soksi ndogo ya mtoto iliyodondoka. Na mwisho wa mstari, umeegemea ukuta, umesimama wima na kiatu chake cha kahawia, kamba zimefungwa vizuri, uko mguu.

Anauangalia. Anaweka viatu vyake kando yake, anaingia.

Kinyozi amekaa kitandani, magongo yamelala sakafuni, mtoto yuko mapajani akitafuna kitana. Mama yake anachambua mchele kwenye mkeka. Salamu zinakwenda zinarudi, za nyumbani, za kazi, za mtoto, mpaka zinaisha.

"Nimekuja kwa ile barua," anasema Mama Danke. "Unaonaje mguu?"

"Mguu mzuri sana, mama yangu. Nashukuru mno. Waandikie tu asante, Mungu awabariki."

"Umekukaa?"

"Umenikaa vizuri sana."

"Mbona uko mlangoni?"

Kinyozi anamtazama mama yake. Mama yake anatazama mchele. Kisha yule mama anashindwa kujizuia, anacheka mpaka anaweka ungo chini.

"Mwambie tu, mwanangu. Unamficha nani? Mama Danke, huo mguu na hicho kiatu ni mke na mume. Ukivitenganisha tu, balaa. Akivua kiatu aingie ndani, unamrudisha nyuma. Juzi ameshika birika, puu! Kanikalia mimi hapa, na mchele wangu."

Kinyozi, ambaye sasa anacheka kwa aibu, anaeleza. Unyayo umetengenezwa kusimama ndani ya kiatu chenye kisigino. Kisigino kikiwepo, mtu anatembea wima, na kule kibandani kwake ananyoa vichwa ishirini kwa siku akiwa amesimama, wala hana shida. Akivua kiatu, au akivaa ndala, kisigino kinashuka na mwili mzima unavutwa nyuma. Kwa hiyo akifika mlangoni huvua kiatu pamoja na mguu, na ndani huingia kwa magongo.

"Si uvae viatu ndani?" anauliza Mama Danke, na papo hapo anajua ameuliza upuuzi.

"Nikanyage mkeka wa mama na viatu? Bora nitambae."

"Tulijaribu," anadakia mama yake. "Nikamnunulia vipya, vya ndani tu. Siku ya kwanza sawa. Siku ya pili wageni wakamwona, nao wakaingia na vyao. Nauliza, wananiambia mbona mwenye nyumba kavaa? Siku ya tatu chumba changu kimekuwa stendi ya mabasi. Nikasema hapana, vitoke."

Wote wanacheka. Mtoto anaangusha kitana na kuanza kulia, kilio cha usingizi. Kinyozi anamtikisa pale pale alipokaa, anampigapiga mgongo, mtoto hataki. Anataka kubebwa na kutembezwa, kama watoto wote. Bibi yake anainuka, anamchukua, anaanza kuzunguka naye chumbani, hatua sita kwenda, hatua sita kurudi. Kwenye mzunguko wa tatu mtoto analala.

"Huyu sijawahi kumbeba nimesimama," anasema kinyozi, polepole. "Nje naweza, lakini nje ana mama yake, ana bibi yake. Usiku akilia ndani humu ndiyo ningemtembeza mimi. Miezi minane, Mama Danke. Namshika nimekaa tu."

Kisha anaongeza haraka, kwa hofu: "Lakini hayo usiandike. Watasema tumepewa tunachagua."

Mama Danke anavaa viatu vyake kando ya ule mguu. Harudi kwenye chumba chake. Anavuka moja kwa moja kwenda karakana.

Fundi miguu, mtu mnene mwenye vumbi la plasta mpaka kwenye kope, anamsikiliza huku akiendelea kupiga msasa.

"Ulikuwa unajua?" anauliza Mama Danke.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu sanduku la kwanza."

"Ukanyamaza!"

Fundi anaweka msasa chini. "Sasa ningesema nini? Sanduku linakuja limefungwa utepe. Ndani kuna kadi ya maua. Mabibi wa watu wameoka keki mpaka mikono imevimba. Nyayo za kutembelea bila kiatu zipo, zinatengenezwa, na bei inakaribiana na hizi. Ni kuomba tu. Lakini nani wa kuanza? Halafu mimi si mwandishi. Mwandishi ni wewe, na wewe nasikia unawaandikia kila mwaka kwamba zimekaa vizuri sana."

Mteja alimshukuru fundi, fundi alishukuru sanduku, yeye akawashukuru mabibi, mabibi wakaoka keki nyingine. Heshima ilizunguka yote, haikupungua mahali. Na katika mzunguko wote huo hakuna aliyethubutu kusema kwamba watu wanaanguka nyumbani kwao.

"Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi ipasuke," anasema. "Kumbe zile asante zangu nzuri ndizo zilizokuwa zinawaangusha watu."

Mchana ule na asubuhi ya Alhamisi alitembea. Alikuwa na daftari la anwani, na alikwenda kwa mguu na kwa pikipiki, akipiga hodi bila taarifa. Alifika kwa watu kumi na mmoja. Wanne walivaa mguu kutwa nzima. Wawili kati yao walikaa peke yao, na nyumba zao hazina wa kuwauliza mbona wameingia na viatu. Saba waliuacha mlangoni. Muuza mitumba mmoja alikuwa amebandika kipande cha ndala chini ya kisigino kwa gundi, kikambandukia akiwa anampokea mkwe wake, akaangukia sufuria. Wote saba walimwambia kwanza kwamba mguu ni mzuri sana.

Alhamisi saa nane mchana alirudi, akafunga dirisha la wateja, akakaa. Safari hii alikaa kweli.

Binti yake alisoma mstari wa kwanza juu ya bega lake. Kijerumani anakijua nusunusu, cha kusikiliza, lakini hicho alikielewa. *Liebe Damen, ich danke Ihnen von Herzen.* Mabibi wapendwa, nawashukuru kwa moyo wote.

"Umetoa ile kubwa," alisema.

"Nimeitoa. Leo ni yenyewe."

Akasoma wa pili. Kisha akasema yale ambayo mama yake alikuwa anayakimbia siku mbili zote.

"Mama, ukiituma hii wanafunga. Nakwambia. Wazee wa watu wamechoka, wanatafuta sababu, wewe unawapelekea sababu na stempu juu. Halafu wale kumi na wanne watakuja hapa dirishani. Yule mtoto wa darasa la tano utamwambia nini?"

"Na nisipoituma nimwambie nini? Kwamba asitoke nje ya viatu?"

"Mzee Skrubu alikwambia asante isiwe na mkia."

Lilimchoma. Aliweka kalamu chini, akazunguka chumba mara mbili, akasimama dirishani. Mzee yule alimheshimu kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwajiri. Alimfundisha kila kitu alicho nacho. Na sasa kila akigeuza maneno, mkia upo.

"Mkia ni kuomba," alisema mwishowe, na haikuwa wazi kama anamjibu binti au marehemu. "Mimi siombi. Mimi nimeulizwa swali. Mtu akikuuliza kwa heshima, unamjibu kwa heshima. Wameuliza wanakwenda wapi. Basi."

Akaandika. Barua ile binti yake aliinakili kwa mashine kabla haijafungwa, na nakala iko bado kwenye droo. Sentensi yake ya tatu inasema: *Ihre Füße gehen bis zur Tür. Dort warten sie, bis wir wieder hinausgehen.* Miguu yenu inafika mpaka mlangoni. Inasubiri pale mpaka tutoke tena. Halafu inaeleza kuhusu mkeka, na birika, na muuza mitumba aliyeangukia sufuria mbele ya mkwe wake. Inaeleza kuhusu kinyozi, ambaye aliombwa ruhusa asubuhi hiyo akasema, "Haya, mama, andika," na kuhusu mtoto anayetaka kutembezwa. Inaomba radhi kwa miaka kumi na mmoja ya "umekaa vizuri sana". Haikuomba kitu kingine. Na chini, kwa mara ya kwanza, hakuna jina la mteja. Imeandikwa tu: mwandishi wa barua.

Ijumaa daktari mgeni aliiweka kwenye mkoba wake, akaondoka.

Kilichofuata kilikuwa wiki sita za mateso ya bure. Mama Danke alipanga upya rafu mara tatu. Aliandika barua za wateja wengine akazichana. Alimwota Mzee Skrubu akinywa chai bila kumtazama. Fundi akikutana naye alikuwa anauliza kwa nyusi tu, na yeye alijibu kwa mabega. Wiki ya nne sanduku halikuja, na lilikuwa limezoea kuja wiki ya nne.

"Nilijua nimewaua," anasema. "Nilimwambia mwanangu, ulikuwa na haki. Akaninunulia soda. Ukiona mwanangu kaninunulia soda, ujue hali ni mbaya."

Bahasha ya wino wa buluu ilifika Jumanne ya wiki ya sita, kwa posta. Juu imeandikwa *Liebe Briefschreiberin*, mpendwa mwandishi wa barua.

Bibi Keki hakuzunguka. Alisema barua ilisomwa mkutanoni na safari hii hakuna aliyesinzia. Mmoja alilia. Yeye mwenyewe alikasirika, tena sana, kwa sababu miaka kumi na mmoja ni mingi, na mtu akikupa keki yenye chumvi badala ya sukari unamwambia siku hiyohiyo. Alikwenda nyumbani na hasira zake. Akafungua mlango, akainama, akavua viatu, akavaa vya ndani. Akabaki ameinama palepale.

"Sisi pia huvua viatu mlangoni," aliandika. "Sote sita. Tangu utoto. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri."

Hawajaahidi makubwa. Wataoka mpaka mwisho wa mwaka, kisha wataangalia mikono yao inasemaje. Lakini sanduku lijalo litakuwa la nyayo za kutembelea bila kiatu, mbili za kujaribia, na ya kwanza ni ya kinyozi. Fundi wa kwao anataka kupima vizuri, kwa hiyo wanaomba watumiwe ndala moja ya kushoto ya kawaida, ile ambayo watu huvaa hasa. Na mstari wa mwisho ulikuwa ni ule mkubwa. *Ich danke Ihnen von Herzen*, na neno la "wewe" likiwa na herufi kubwa, safari hii likielekezwa kwake.

Alipofika hapo Mama Danke alikaa chini mwenyewe bila kuambiwa.

Alhamisi asubuhi yuko dukani, anabishana na muuza viatu.

"Moja nitakuuziaje, mama? Nyingine nimvalishe nani?"

"Nimekwambia nachukua zote mbili. Nakuomba mfuko mmoja tu, wa kuitumia ile ya kushoto kwa posta."

"Na ya kulia?"

"Ya kulia ina mwenyewe. Ana mguu wake wa kuzaliwa."

Analipa, anatoka akitembea kwa kasi ileile ya wiki sita zilizopita, maana utulivu haujamrudia na pengine hautarudi. Ana mipango mingi mno. Daftari lake lina watu mia mbili na mmoja ambao bado hajawapigia hodi, na ameapa kuwamaliza. Wateja wapya hawaandikiwi tena siku wanayopata mguu. Wanaambiwa waende, wauvae mwezi mzima, kisha yeye awafuate nyumbani, avue viatu, aketi, ndipo kalamu itoke. Binti yake analalamika kwamba kazi ya siku moja imekuwa ya mwezi kwa bei ileile ya mikate miwili. Analalamika huku akipanga anwani kwa mitaa.

Limebaki jambo moja. Bibi Keki amemshukuru, na aliyeshukuriwa kwa Kijerumani hutakiwa kujibu. Jibu analijua, ni maneno mawili tu, Mzee Skrubu alimfundisha kwenye birika la pili: *gern geschehen*. Imefanyika, na nimefurahi kuifanya. Ameshanunua kadi. Iko mezani, tupu, chini ya jiwe la kuzuia karatasi.

"Nitaandikaje imefanyika?" anauliza, akifunga mfuko wa ndala kwa utepe. "Haijafanyika bado. Siku nikiitwa, nikamkuta kinyozi anambeba yule mtoto kutoka mlangoni mpaka kitandani, na bibi yake amekaa tu anamtazama, narudi hapa naandika hayo maneno mawili. Kabla ya hapo sishiki kalamu."

Jioni anapita kwa kinyozi kumpelekea ndala ya kulia. Mama wa kinyozi anaipokea, anaipiga vumbi ambalo halipo, anaiweka mwisho wa mstari, kando ya ule mguu wenye kiatu cha kahawia. Anaacha kushoto kwake nafasi inayotosha ndala moja. Mjukuu anatambaa kuja kuichukua atafune.

"Hiyo acha," anamwambia, akimnyanyua. "Hiyo inamsubiri mwenzake."